Simba Aliyeimeza Stesheni ya Kima

Taja Kima mbele ya mtu anayejua chembe tu ya historia ya reli ya Kenya, naye atakudakia: "Ah, kule kwa yule simba!" Hapo ndipo ujuzi wake unapoanzia na ndipo unapoishia. Stesheni iliyofanya kazi zaidi ya karne moja imebaki na usiku mmoja tu katika kumbukumbu za watu, tena usiku wa utotoni mwake, wakati mabati yake bado yanang'aa.

Kima iko Ukambani, katika kaunti ya Makueni, kwenye ile reli ya zamani ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Ukipanda kutoka pwani unapita Voi, Tsavo, Mtito Andei, Makindu na Emali, halafu Sultan Hamud, iliyopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja. Ndipo unafika Kima, kabla ya Kiu, Ulu na Konza. Ni nchi ya vilima, mawe na migunga, na mito ambayo miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Treni ya mwisho ya abiria ya reli hiyo ilipita Aprili 2017. Tangu hapo Kima haijapandisha wala kushusha msafiri.

Sina ugomvi na simba. Ni hadithi nzuri, na nikiiruka najua mtaniandikia kuniuliza mbona nimeiruka. Basi tuimalize kwanza.

Mwaka 1900 Kima ilikuwa stesheni changa. Reli ilikuwa imefika Nairobi Mei 1899, na huku nyuma njia nzima ilikuwa imeachiwa vibanda vya mabati, matangi ya maji, waya wa telegramu na watu wachache wa kuvilinda. Simba mmoja akaizoea Kima. Hakuchagua cheo. Stesheni masta, mtu wa singino za treni, mtu wa pointi anayegeuza vyuma njia inapogawanyika, kwake wote walikuwa chakula. Usiku mmoja alipanda juu ya paa akajaribu kubandua mabati ili amfikie karani wa telegramu aliyekuwa chini yake. Mabati yakamkata miguu, damu ikabaki juu ya paa. Karani, Mhindi aliyejikunyata ndani, alifanya kitu pekee alichokuwa na uwezo nacho: alituma telegramu kwa wakubwa zake kwamba simba anapigana na stesheni, msaada uletwe upesi. Usiku mwingine simba huyo alimchukua Mwafrika aliyeendesha injini ya kusukuma maji. Wakafuata wengine.

Kuna na dereva wa treni aliyeamua kumvizia kutoka ndani ya tangi la chuma lenye tundu juu. Simba akaja, akaliangusha tangi, akaingiza mkono tunduni akimpapasa aliyemo. Bahati ya yule dereva ni kwamba tangi lilikuwa na kina. Alifyatua risasi akiwa amejikunja vile vile, simba akakimbia bila jeraha.

Juni mwaka huo akapita mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall, akitoka Makindu kwenda Nairobi katika behewa lake la ukaguzi. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walipofika Kima wakaambiwa simba ameonekana muda si mrefu, karibu kabisa na njia. Ryall akaamua walale hapo wamsake. Behewa likakatwa kwenye treni na kusukumwa njia ya pembeni, mahali ambapo udongo ulikuwa haujashindiliwa vizuri, hata likakaa limeinama upande mmoja. Kumbuka hilo la kuinama.

Walimtafuta jioni wasimwone. Usiku Ryall akachukua zamu ya kwanza. Huebner alilala kitanda cha juu, Parenti akatandika sakafuni. Gizani waliona vidoa viwili vinavyong'aa, wakadhani ni vimulimuli. Zamu ikaenda, Ryall naye akajinyoosha kwenye kitanda cha chini, usingizi ukamchukua. Mlango wa behewa ulikuwa wa kusukuma kwa upande, na uliachwa wazi kidogo. Simba alipanda ngazi akaingia, uzito wake ukaliongezea behewa mwinamo, na mlango ukateleza nyuma yake ukajifunga. Akawa ndani, na wao ndani.

Ili amshike Ryall ilimbidi amkanyage Parenti. Huebner alizinduka, akaruka kutoka juu, akatua karibu juu ya mgongo wa mnyama. Mlango wa pili ulielekea sehemu ya watumishi. Alipousukuma aligundua kwamba watumishi, waliosikia zogo lile, wameushikilia kutoka upande wa pili kwa vilemba vyao. (Kila nikisoma habari hii nawafikiria hao. Wote huandikwa kama waoga. Mimi ningeushika mlango huo kwa meno.) Simba akavunja dirisha, akatoka na Ryall, na kesho yake mabaki yakapatikana porini. Baadaye simba alinaswa kwenye mtego, akawekwa siku kadhaa watu wakamtazama, kisha akapigwa risasi.

Ryall amezikwa Nairobi, na behewa lipo Makumbusho ya Reli, hatua chache kutoka stesheni kuu ya Nairobi. Nenda ulione. Ni la mbao, dogo kuliko unavyotarajia, na macho yako yatafanya kile ambacho macho ya kila mgeni hufanya: yatatafuta dirisha. Nimesimama mbele yake nikinyoosha mikono kukisia upana. Nikajaribu kupata akilini picha ya simba dume na mwili wa mtu mzima kupita hapo kwa mara moja, kichwa changu kikagoma. Pembeni yangu walikuwapo wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na wale wengine walioliwa?" Mwalimu alimjibu kwamba muda umekwisha, waende kwenye injini.

Swali la yule mtoto ndilo makala hii. Mtu wa injini ya maji ana kaburi wapi? Mtu wa pointi je? Kama Ryall asingelala Kima usiku ule, tungejua kwamba kuna watu waliwahi kuliwa Kima? Simba hakumtafuna polisi mmoja tu. Alimeza na stesheni yote, na kila kilichotokea kabla na baada yake.

Tuanze na kabla. Simba hawaamki asubuhi moja wakaamua kula makarani. Katika miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilipita Afrika Mashariki ikafyeka ng'ombe, na pamoja na ng'ombe nyati na wanyama wengine ambao simba huwategemea. Ukambani mvua zikakosa, njaa ikaingia, na ndui ikaja juu ya njaa. Wakamba wanaiita njaa hiyo Yua ya Ngomanisye, na ilifikia kilele chake mwaka 1898 na 1899, miaka ile ile ambayo reli ilikuwa ikikatiza ardhi yao. Watu walikufa njiani bila wa kuwazika. Simba aliyekosa nyati na kukuta maiti hahitaji kuwa shetani ili ajifunze ladha mpya. Lakini ukisoma masimulizi ya wakoloni, simba hutokea porini kama ajali ya maumbile, na Wakamba huonekana kwa mbali tu, wakiuza mbuzi au kubeba mizigo.

Wajenzi nao walikuwa wakifa kwa sababu zisizo na mvuto wa hadithi. Karibu vibarua 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hii kati ya 1896 na 1901. Karibu 2,500 hawakurudi: malaria, kuhara, vidonda, ajali. Hata ukichukua hesabu ya kutisha zaidi ya watu walioliwa na simba wawili wa Tsavo mwaka 1898, kuhara kuliwashinda simba mbali. Ila nani atakuja makumbusho kutazama kuhara?

Sasa baada yake, ambapo ndipo uhai halisi wa stesheni ulipo.

Mimi Kima niliijua kupitia dirisha la daraja la tatu. Treni ya abiria ilikuwa ikitoka Mombasa jioni, usiku wote inapanda, na kunapopambazuka tuko Ukambani. Mama alikuwa hatuamshi mpaka baridi ituamshe yenyewe. Mtu wa pwani akisikia ule ubaridi wa alfajiri anajua bara imeanza. Treni ikisimama kwenye kistesheni kama Kima, sisi watoto tulidhani inasimama kwa ajili ya abiria, tukachungulia kuona nani anapanda. Mara nyingi hakupanda mtu. Tulikaa tu, dakika kumi, ishirini, nusu saa, injini ikikoroma mbele huko. Wazee wanasinzia, mama anamenya yai. Halafu ghafla ukuta wa chuma unapita dirishani kwa kishindo, mabehewa ya mizigo bila mwisho yakielekea baharini, na yakiisha, sisi tunaondoka.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba nusu saa hiyo ndiyo sababu ya Kima kuwepo. Reli ilikuwa moja. Treni za kupanda na za kushuka zilitumia vyuma vile vile viwili, na vyuma viwili haviwezi kubeba treni mbili zinazotazamana. Kwa hiyo kila baada ya maili kadhaa ilibidi pawe na mahali njia inagawanyika, moja iingie pembeni, nyingine ipite, na pawe na mtu wa kusema nani aingie na nani apite. Abiria walikuja baadaye, kama kuku wanavyokuja pale nafaka inapomwagika. Stesheni ndogo kwanza ilikuwa mahali pa treni kupishana.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, stesheni masta mstaafu, aliyehamishwa stesheni baada ya stesheni kwenye njia hii tangu akiwa kijana. Nilikwenda kwake kuuliza habari za tokeni, kile kifaa anachopewa dereva kama ruhusa ya kuingia njiani, nikidhani atanieleza kwa maneno. Alisimama katikati ya sebule.

"Kijana wangu, kaa pale. Wewe ndiye treni."

Akanieleza. Kati ya stesheni mbili jirani hairuhusiwi kuwa na zaidi ya treni moja. Kila stesheni ina mashine ya tokeni, na mashine ya huku na ya kule zimeunganishwa kwa waya. Huku ukitaka kupeleka treni, unapiga kengele ya jirani kwa mapigo maalumu, unauliza kama njia ni nyeupe. Jirani akikubali, anakuachia umeme, nawe unatoa tokeni moja. Ikishatoka, mashine zote mbili zinajifunga. Hata mkigombana, hata mkilewa, hakuna atakayetoa ya pili mpaka ile ya kwanza ifike na kurudishwa mashinani. Dereva asiye na tokeni mkononi hasogei, awe amembeba waziri.

"Sasa kuna treni isiyosimama," alisema. "Inapita tu. Nayo ni lazima uipe." Tokeni ilitiwa kwenye mfuko wenye kitanzi kikubwa. Akainua mkono wa kulia mpaka usawa wa sikio, vidole vimeshika kitanzi kisichoonekana, mguu mmoja nyuma, mwili umeegemea upepo ambao sebuleni haukuwepo. "Usiku unaona taa tu inakuja. Husogei. Ukisogea, dereva anakosa. Mkono wake unaingia hapa," akapitisha ngumi ndani ya kitanzi, "na wewe unaachia pale pale. Ukichelewa kuachia, utaenda naye mpaka Mombasa vipande vipande."

Alipokaa alikuwa anahema kidogo. Mke wake, aliyekuwa mlangoni, akasema anaona sinema hiyo bure kila mgeni akija.

Nimeisimulia hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo kazi iliyofanyika Kima mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi, huku simba wake akiwa amekwisha kuwa vumbi. Kengele, tokeni, taa, daftari. Genge la reli lilikwenda njiani asubuhi na nyundo begani, kukaza kilicholegea na kusukuma kokoto chini ya mataruma yanayobeba vyuma vya reli. Mataruma ya njia hii mengi ni ya chuma, maana mbao mchwa wangezimaliza. Ukiyatazama kwa karibu yamekunjwa kama bakuli lililofunikwa, na ukiyagonga yanaitika.

Enzi za mkoloni hata kazi hizo zilipangwa kwa rangi kama behewa lenyewe. Daraja la kwanza Wazungu, la pili Wahindi, la tatu sisi. Mezani pa stesheni masta alikaa Mhindi au Mgoa, Mwafrika akabaki na taa, koleo na pointi. Mambo yalianza kugeuka kadiri uhuru ulivyokaribia, na wazee kama huyu wangu ni watoto wa mgeuko huo.

Mengine ya enzi hizo nitayapita mbio. Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipita hapa Aprili 1909 akienda kuwinda, akashukia Kapiti Plains, stesheni kadhaa mbele. Tawi la Magadi likajengwa kutoka Konza miaka ya 1910, na kwa miaka mingi treni za magadi zikawa zinashuka kupitia Kima kwenda bandarini. Katikati ya miaka ya 1950 zikaja zile Garratt kubwa za Manchester, injini 34, kila moja na uzito wa tani 250 hivi na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hazikuwahi kushindwa ukubwa na injini nyingine yoyote ya mvuke kwenye reli ya upana wa mita moja duniani. Mmoja wao, Mount Gelai, yuko makumbusho jirani na behewa la Ryall. Ukiuliza maoni yangu, wageni wanakosea wanakoelekea kwanza.

Je, Kima ilikufa lini? Tarehe rasmi ni rahisi: 2017. Lakini stesheni za aina hii zilikuwa zimeanza kufa zamani, kila muongo kiungo kimoja.

Kwanza mvuke ulikwenda. Injini ya mvuke ni kama ng'ombe, haiwezi kwenda mbali bila kunywa. Maadamu ilikuwepo, palihitajika matangi, pampu na watu wa pampu, wale wale ambao mwenzao alichukuliwa na simba. Dizeli haikuhitaji lolote kati ya hayo. Garratt za mwisho zilistaafu kuelekea mwaka 1980, na kazi ya maji ikafa njia nzima bila mtu kutangaza tanzia.

Kisha mafuta. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, na mzigo uliokuwa wa uhakika kuliko yote ukaiacha reli ukapita chini ya ardhi. Mwaka mmoja kabla ya hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, na shirika la reli la nchi tatu likagawanywa: injini huku, karakana kule, madeni kila mahali. Barabara ya Mombasa, inayokwenda sambamba na reli, ikazidi kujaa malori na mabasi. Mtu wa Kima aliyekuwa akisubiri treni saa tatu aligundua kwamba akitembea hadi lami atapata gari kabla jasho halijakauka. Sidhani kuna ubaya wowote katika uamuzi huo. Naye ana shughuli zake.

Reli yenyewe ikachoka. Januari 1993, mafuriko yalidhoofisha daraja la Ngai Ndethya, kwenye njia hii hii, na treni ya abiria ya usiku ikatumbukia. Walikufa zaidi ya watu 100. Hebu pima: mwaka 1900 simba alimuua ofisa mmoja, na dunia nzima ina habari. Mwaka 1993 walikufa zaidi ya mia, Wakenya wa kawaida waliokuwa wanakwenda kazini, matanga na likizo, na nimekutana na vijana wenye digrii waliokulia kando ya reli hiyo wasiojua jina la daraja. Ngai Ndethya halina behewa la kutazama makumbusho.

Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Haikufika hata nusu. Mkataba ulikatizwa 2017. Hapo katikati treni ya abiria ilibaki ikitembea mara chache kwa wiki, ikichelewa kwa saa ambazo watalii waliziita za kupendeza na wenyeji waliziita kwa majina mengine.

Tarehe 31 Mei 2017 ikazinduliwa SGR, reli mpya ya upana wa milimita 1,435. Mombasa hadi Nairobi saa tano badala ya usiku kucha. Nimeipanda na nitaipanda tena; ni safi, inafika kwa wakati, na mwanangu hajui baridi ya alfajiri ya daraja la tatu ni nini. Treni yake ya kusimama-simama ina vituo saba kati ya Mombasa na Nairobi: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Wa Kima aende Emali, au apande matatu barabarani kama alivyozoea.

Kuna watu wanaolia kwamba SGR imeua stesheni ndogo. Mimi nasema ilizika tu. Na kuna tofauti nyingine inayonishughulisha zaidi. Reli mpya nayo ina sehemu za kupishana, maana nayo ni njia moja sehemu kubwa. Lakini anayeamua nani apite amekaa mbali mbele ya skrini, na treni inaposubiri hakuna mtu chini ya dirisha mwenye sufuria ya mahindi ya kuchemsha, kwa sababu kuna uzio. Nusu saa ile ya zamani, ambayo abiria aliilaani na mama wa mahindi aliisubiri, imefutwa kwenye ratiba. Watu walioijenga maisha yao juu yake hawakuwahi kuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, kwa hiyo hakuna aliyewaandikia barua ya kuwaachisha.

Kwenye njia ya zamani majani yamepanda mpaka juu ya mataruma, na treni ya mizigo hupita kwa nadra. Vyuma vina wezi wake. Mwaka 2022 serikali ilifika hatua ya kusimamisha kwa miezi kadhaa biashara yote ya vyuma chakavu, baada ya mali ya umma kunyofolewa kila upande. Ingekuwa juu yangu, ningependa mataruma machache yafike makumbusho kabla ya kufika kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma, yawekwe karibu na lile behewa, ili mwalimu atakayeulizwa tena kuhusu wale wengine apate pa kuonyesha kidole.

Nilimwuliza yule mzee kama watu huja kumtafuta.

"Wanakuja. Wanafunzi wa chuo, siku hizi na watu wa yutubu. Wote wanaanza na simba." Akacheka. "Simba alikufa kabla baba yangu hajazaliwa! Mimi nitamjua wapi?"

"Wewe ungetaka wakuulize nini, mzee?"

Alifikiri kidogo. Akaniuliza kama kalamu yangu inaandika. Nikamwambia inaandika.

"Basi andika hivi. Katika zamu zangu zote, mchana na usiku, hakuna treni mbili zilizokutana mahali zisipotakiwa kukutana. Weka na tarehe niliyostaafu, nitakutafutia barua."